Nukta Chini ya Ukingo

Bwenini, 11 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini daraja lenu linasogea na wewe hujambo. Mama hajambo, ila goti linamsumbua na anasema akikuona atakulaumu wewe, eti ndiye uliyemfundisha kukwea kuta mlipokuwa wadogo. Kaka kapata kibarua kwenye duka la vifaa vya umeme, sasa kila akija nyumbani anakagua soketi kama mkubwa wa idara. Barua hii nampa yule dereva wa lori la saruji. Najua huko kambini simu ni kioo cha kujitazamia tu.

Nimeanza mwaka wa pili na nimehamishwa bweni. Mjomba, niseme nisiseme? Nasema. Vyoo sita, kinachoteremsha maji ni kimoja, na hicho kina foleni kuliko benki. Kwenye ukumbi wa mihadhara viti vya safu nne za nyuma vimeng'oka, tunakalia madaftari yetu. Bomba la jikoni limefungwa kwa mpira wa baiskeli tangu kabla sijafika. Ofisi ya majengo wamebandika ukutani ile methali ya ufa na ukuta, na ukuta wenyewe walioubandikia una ufa unaopitisha kidole. Nilicheka hadi karani akaniuliza kama naumwa.

Ukiwa na malalamiko kuna Daftari la Kero, limefungwa kwa kamba mezani kwa matroni. Kalamu hakuna. Siku ukija na kalamu yako, unakuta aliyelalamika kabla yako aliandika mwaka juzi.

Chumbani niko na binti mmoja tunamwita Kengele, kwa sababu akicheka bweni zima linaamka. Anasomea ualimu. Tumepewa ghorofa ya pili, mbele yetu kuna roshani ndefu ya kuanikia nguo. Ukingo wake wa chuma unacheza kama jino la mtoto. Wewe ndiye fundi wa vyuma, hebu nifafanulie: chuma kilichochomelewa vizuri hulegea hivi hivi tu?

Mpwa wako,
Mama Maswali

*

Kambini, 29 Januari

Mama Maswali,

Marahaba, tena marahaba ya sauti. Goti la dada mwambie alikande kwa maji ya moto na aache kuwasingizia watu. Ukuta ule alikwea mwenyewe, mimi nilikuwa chini nalinda. Kaka yako mwambie soketi haikaguliwi kwa kidole.

Hapa tunaendelea. Nyapara kaniweka juu ya wachomeleaji wote, watu kumi na mmoja. Kila asubuhi wakiniona wanasema, "Huyo anakuja, fundi asiyerudiwa kazi." Nilidhani msemo ule ni wa nyumbani kwetu tu, kumbe umenitangulia hadi huku.

Hayo ya vyoo na viti yanatia hasira. Watu wanaojenga nyumba kubwa kisha wanashindwa kununua valvu ya bomba, hao ni watu gani? Soma kwa bidii, uondoke hapo mapema.

Umesema roshani ndefu. Je, ni lile bweni la nyuma ya jiko, lenye banda la baiskeli chini yake? Kama ndilo, omba chumba cha chini. Chini kuna hewa nzuri na huchoki ngazi. Nguo anikeni uani.

Kula vizuri.

Mjomba

*

Bwenini, 17 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nyumbani salama. Mama kaanza kulikanda goti na anakataa kukiri kwamba limepata nafuu.

Nianze na hasira kwanza, nisije nikapasuka. Wiki iliyopita tulitangaziwa kuwa wageni wakubwa wanakuja. Kumbe mafundi wapo! Siku tatu walikuwa kila mahali, na wote wameshika brashi. Wamepaka rangi milango isiyofungika. Wamepaka rangi mabomba yasiyotoa maji. Wamepaka rangi ukingo wa roshani juu ya kutu, na juu ya sketi yangu niliyokuwa nimeianika. Tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, Mjomba, na chupa yenyewe ina rangi ya kijani.

Niliandika kwenye Daftari la Kero mara tatu kuhusu ukingo ule. Mara ya tatu nilikwenda ofisi ya majengo mwenyewe. Karani, bila kuinua macho, akaniambia, "Umekaguliwa, dada. Rangi haiwekwi kwenye kitu kibovu." Nikamwambia atoke nje aushike kwa mkono wake. Akasema saa ya chai imefika.

Halafu kuna wewe. Nilikuuliza swali la chuma ukanijibu habari za hewa nzuri. Umejuaje kuna banda la baiskeli? Nilipomuuliza Mama, akasema uliwahi kufanya kazi humu nikiwa bado natambaa, kwa mkandarasi mmoja aliyeletwa kwa haraka. Mbona hukuwahi kunitajia? Siku napata nafasi ya chuo hiki ulinishika mabega ukalia. Nilidhani ni furaha.

Nakuuliza tena. Ukingo unalegea. Ni hatari au si hatari? Jibu ni neno moja.

Mpwa wako

*

Kambini, 4 Machi

Mpwa wangu,

Hatari.

Usiuegemee ule ukingo, hasa pande za mwisho karibu na ngazi. Usianike kitu. Mwambie na mwenzako. Waambieni wote wa ghorofa hiyo.

Usiniulize zaidi kwa sasa.

Mjomba

*

Bwenini, 27 Machi

Mjomba,

Leo shikamoo sina.

Tarehe 19, asubuhi, Kengele alikuwa anaanika shuka. Shuka likawa zito, akajinyoosha kulivuta upande wa pili, akauegemea ukingo kwa nyonga. Haukuinama wala haukulia. Uling'oka wima kama mlango, ukaenda naye. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni mkononi. Nilisikia bati la banda la baiskeli kabla sijaelewa kilichotokea.

Yuko hai. Lile bati lilimpokea. Nyonga imevunjika, mkono umevunjika, na daktari anasema kutembea ni habari ya miezi. Hacheki. Wauguzi hawajui hata kwa nini tunamwita Kengele.

Barua yako niliipata jana, tarehe 26. Ina tarehe 4. Nikamrukia dereva kwa maneno ambayo Mama angenizaba kibao, nikamwambia kalala na barua yangu wiki tatu. Yule mzee wa watu akaniapia kwa marehemu wazazi wake kwamba ulimkabidhi tarehe 25, tena akasema alikuuliza mara nne kama una barua ukamjibu bado. Lori lake linakuja mjini mara mbili kwa wiki. Nimehesabu. Mara sita, Mjomba. Mara sita lori liliondoka hapo kambini likija huku, na lile neno moja likiwa kwako.

Sikiliza mengine. Kamati ya nidhamu imeandika kwamba Kengele alikuwa amekaa juu ya ukingo akicheza, kwamba ukingo ulikaguliwa Februari na ulikuwa imara, na kwamba atafukuzwa chuo kwa kuharibu mali. Kufukuzwa! Mtu amelala chali, miguu imefungwa uzito. Nilikimbilia Daftari la Kero nikawaoneshe nilivyoandika mara tatu. Nikakuta daftari jipya. Safi kabisa, ukurasa wa kwanza mtupu. Na sasa lina kalamu.

Kikao cha kuamua ni tarehe 9 Mei. Nani atanisikiliza mimi, rafiki yake wa chumbani?

Ulijua. Ulijua hadi upande. Niambie ulijuaje.

Sina salamu za kufungia.

*

Kambini, 12 Aprili

Mpwa wangu,

Shikamoo sistahili, umefanya sawa.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Mwanzoni niliandika kwamba nilisahau, nikaichana. Halafu nikaandika kwamba dereva ni mzee, nikaichana na hiyo. Sasa naandika ilivyokuwa.

Kingo zile nilizichomelea mimi.

Nilikuwa kijana mwenye mikono mepesi. Mkandarasi aliahidi kumaliza kabla ya sherehe ya ufunguzi, na siku tatu kabla ya sherehe vijiti vya kuchomelea vikaisha. Akasema hakuna kusubiri. "Shikizeni tu." Kushikiza ni kama mshonaji anavyopiga nyuzi chache nguo isimame, kabla hajaishona kwa kweli. Unagusisha moto mara moja huku, mara moja kule, chuma kinakaa. Lakini kinakaa tu, hakijashika. Pengo linalobaki akatuambia tuzibe kwa puti ya mafundi rangi, tusugue, tupake. Ukitazama, huoni chochote. Unaona kazi nzuri.

Akasema, "Mkimaliza sherehe mtarudi mkamilishe." Nikamwamini, au nilitaka kumwamini.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na desturi. Kazi usiyoimaliza, unaipiga nukta moja kwa tindo na nyundo, upande wa chini, pale ambapo jicho halifiki lakini kidole gumba kinafika. Nukta ni ahadi. Ukirudi ukamaliza, unaisugua inafutika. Alituambia fundi haulizwi alijenga nini, anaulizwa aliacha nukta ngapi.

Niliacha ishirini na moja. Saba ghorofa ya pili, na kumi na nne kwenye ngazi na ghorofa ya kwanza. Wiki moja baada ya sherehe nilirudi na mashine yangu. Mlinzi akanizuia getini, akasema kazi imeshapokelewa, imesainiwa, hakuna kilichobaki. Nilisimama kidogo. Halafu nikaondoka. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kurudi kesho yake. Sikurudi, na miaka ikaniwia miepesi kuliko nilivyotarajia. Watu wakaanza kuniita fundi asiyerudiwa kazi, na mimi nikawa naitikia.

Uliponiandikia habari za ukingo, nilijua kabla sijafika mwisho wa mstari.

Unataka nije kwenye kikao. Hukuandika, lakini nimeisoma kwenye kila mstari. Siwezi, mama. Nyapara akijua, unga wangu umemwagika. Nani tena atanipa daraja? Ichukue barua hii, wape waisome, lakini jina likate.

Mjomba

*

Bwenini, 23 Aprili

Mjomba,

Barua yako niliisomea ngazini, nimekaa. Kisha nikaanza kupapasa.

Nilipita na kidole gumba chini ya kila ukingo, kuanzia mlango wa chini. Rangi ni nene, matabaka na matabaka. Lakini zipo. Ya kwanza niliipata kwenye mkunjo wa ngazi, kitundu kidogo, ncha ya kucha inaingia. Msichana mmoja aliyekuwa anapita akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta kazi ya mjomba wangu. Nilihesabu kumi na nne hadi kufikia juu. Kwa ghorofa ya pili nikapata sita, ya saba iko kwenye kile kipande kilichoanguka, wamekifungia stoo.

Kwa hiyo hukusahau. Ungesahau, ningekusamehe mapema. Wewe ulihesabu, na hesabu ulikaa nayo miaka yote hii! Ulipokuwa unakuja nyumbani unanipakata, unanifundisha kukaza skrubu ya baiskeli, "kaza hadi ikatae, kisha ongeza nusu," nukta zilikuwa huku. Maelfu ya watu wamezishika kingo hizi wakipanda na vitabu vyao.

Jina silikati. Nani mimi nikate jina? Barua isiyo na mwenyewe watasema nimeiandika mimi, na watakuwa na haki. Wala siipeleki yenye jina. Iko chini ya godoro langu. Nilitamani kuipeleka kesho yake, nikaiweka hadi kwenye bahasha, nikashindwa. Si kwa huruma. Nataka uilete mwenyewe, kwa mdomo, wakuone uso.

Nilimwambia Kengele yote. Akauliza, "Mjomba wako anajua kwamba ningekuwa mwalimu?" Alisema "ningekuwa". Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya watu.

Kikao ni tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, jengo la utawala. Usipokuja, usiandike tena.

*

Bwenini, 21 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Uliondoka haraka, lori linakungoja, hata maji hukunywa. Nakueleza yaliyofuata kwa sababu una haki ya kujua, si kwa sababu tumemaliza.

Kwanza hujui ulivyoonekana. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Saa nne ikapita, mwenyekiti akawa anasoma "mtuhumiwa alikaa juu ya ukingo", na Kengele kwenye kiti cha magurudumu anatazama mikono yake. Mara mlangoni sauti za mlinzi: "Mzee, huna miadi!" Na wewe, "Nina kazi niliyoiacha humu." Ovaroli, viatu vya saruji, nyundo ndogo mfukoni. Hukusema mengi. Ulisema, "Mimi ndiye niliyeshikiza. Twendeni niwaoneshe." Nikadhani watakutoa. Lakini yule mama wa maktaba aliyekaa pembeni alisimama, akasema, "Twende," na wengine wakaona aibu kubaki.

Ulipogonga kile kiungo mara mbili na puti ikadondoka kama maganda ya yai, nilimtazama karani wa ofisi ya majengo. Safari hii aliinua macho. Ulipowaambia mmoja mmoja waingize kidole gumba chini, mwenyekiti alikuwa wa mwisho. Aliingiza. Halafu akajifuta kwa leso.

Baada ya hapo waliahirisha. Barua imetoka juzi. Kengele hafukuzwi, nafasi yake inamngoja hadi apone. Hiyo ndiyo habari njema, ishike vizuri, maana iliyobaki inanichemsha. Hakuna neno pole. Hakuna neno puti. Wameandika "uchakavu wa kawaida". Daftari la zamani "halijulikani lilipo". Na wamechomelea upya ghorofa ya pili tu. Nilipouliza ngazi na ghorofa ya kwanza, karani akanijibu, "Huko hajaanguka mtu." Alisema hivyo, Mjomba, amekaa, anakoroga chai.

Nimeandika kwenye daftari jipya, ukurasa wa kwanza: nukta kumi na nne, na kila moja iko wapi. Safari hii nimenakili pembeni, na Kengele ana nakala, na mama wa maktaba ana nakala.

Kengele anakusalimu. Alisema nikuambie kwamba uliingia na matope ukachafua zulia la mwenyekiti, na hapo akacheka. Kidogo tu, upande mmoja, nyonga ikamkataza. Lakini muuguzi wa wodi ya pili alichungulia.

Sasa mimi. Ya kazi ile ya zamani nimeanza kuyameza. Ulikuwa kijana, uliamrishwa, mlinzi alikufukuza. Kuna jambo moja halipiti kooni. Kuanzia tarehe 4 hadi tarehe 25 Machi. Huko hapakuwa na mkandarasi wala mlinzi. Ulikuwa wewe na barua. Hukuligusa kwenye barua yako na hukuligusa ulipokuja. Nataka kulijua.

Mpwa wako

*

Kambini, 3 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Ile shikamoo yako niliisoma kabla ya barua, nikaiacha barua pembeni kwanza.

Nyapara kasikia. Dereva si msemaji, lakini habari ina miguu yake. Nimeondolewa kwa wachomeleaji, sasa nasugua kutu kwenye nondo na vijana wa miezi mitatu. Ule msemo hakuna anayeusema tena. Dada kaniandikia mistari miwili, wa kwanza wa matusi, wa pili wa kuuliza kama nakula. Nakula.

Umeuliza tarehe 4 hadi tarehe 25. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli, wa kifuani, upande wa kushoto. Lori la kwanza nilijiambia mwandiko ni mbaya, nitaiandika upya. Lori la pili nilijiambia ukingo umedumu miaka yote, utadumu wiki moja. La tatu nilikwenda hadi mlangoni kwa dereva, nikamsalimia, nikamuuliza habari za bei ya saruji, nikarudi. Yaliyobaki sikuwa hata na kisingizio. Ukishajua kwamba ni hatari, swali lako la pili lingekuwa umejuaje, na mimi nilitaka kuendelea kuwa yule uliyemjua. Kwa ajili hiyo binti wa watu kaanguka. Nimelitafuta jibu lenye nafuu kuliko hilo, sijalipata. Nilikuwa mwoga kwa wiki tatu, mkononi nikiwa na dawa.

Usilimeze hilo. Liache hapo kooni.

Kingo kumi na nne nitakuja kuzimaliza. Nimeomba ruhusa Jumamosi, nakuja na mashine yangu na vijiti vyangu, vya kutosha safari hii. Mlinzi akinizuia nitasimama pale pale getini, na nitasimama Jumamosi inayofuata. Mwambie mama wa maktaba. Mwambie Kengele nitafuta viatu.

Leo ni tarehe 3. Nimemaliza kuandika na lori linawashwa, nalisikia. Naikunja barua, natoka nayo mkononi. Muulize dereva nimemkabidhi lini.

Mjomba wako